Watu Wasio na Mikono

Jumatatu, 13 Oktoba

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya oda za mabango, na kurasa tatu za mwanzo zina vipimo vya saluni moja ya Rosettenville. Katika zilizobaki nitaandika mambo yangu. Mwalimu Nekesa ndiye aliyenishauri. Yeye ni Mkenya, anafundisha chuoni kule Braamfontein, na pembeni anachapisha vitabu vya katuni katika chumba kimoja chenye mashine mbili na birika la chai. Amekubali kuchapa kitabu changu, habari ya jinsi nilivyokuwa mchoraji Bukavu baada ya vita. Kurasa arobaini, na anazitaka zote mwisho wa Februari. "Andika kila siku hata kama ni mstari mmoja," aliniambia, "ndio usijidanganye." Nilikubali bila kumuuliza alimaanisha nini.

Haya, nijitambulishe, ingawa hakuna atakayesoma. Naitwa Hénock. Nina miaka arobaini na moja, mke mmoja, Clémentine, binti mmoja, Arlène, na vyumba viwili vya kupanga hapa mtaa wa La Rochelle, huku kusini mwa Afrika. Kazi yangu ni kuchora vichwa. Ukipita mitaa yetu ukaona kibanda cha kinyozi kimechorwa vichwa sita vya wanaume walionyolewa mitindo sita, vile ni vyangu. Vichwa ndivyo vinavyotulisha.

Leo mvua ya kwanza imenyesha. Ilikuja saa tisa alasiri na radi zake, saa kumi ikaondoka.

Alhamisi, 16 Oktoba

Ukurasa wa saba umekwisha. Ni soko la Kadutu kule Bukavu, katuni zetu zimebanwa kwa vibanio kwenye kamba kama soksi zilizofuliwa.

Jumapili, 19 Oktoba

Baada ya ibada Clémentine amenipa habari. Dada yangu Marthe amejibiwa zile karatasi zake za kuhama. Anakwenda Kanada, yeye na wanawe wawili. Tarehe bado, lakini ni kabla ya Machi.

"Amekuambia wewe?" nikauliza.

"Ameniambia miye. Angemwambia nani?"

Marthe anashona Doornfontein. Kutoka hapa kwangu si hata saa moja. Tumeishi mji huu mmoja miaka kumi na moja, na tunaonana kwenye misiba, tunapeana pole, kila mtu anarudi kwake. Ukituuliza kama tumegombana, wote wawili tutasema hapana. Hatukugombana. Kuna jambo moja tu ambalo sikulisema siku lilipotakiwa kusemwa, na tangu hapo limekaa kati yetu na hakuna aliyeligusa.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua. Vichwa viwili.

Jumamosi, 25 Oktoba

Leo nimechora ronéo, ile mashine ya kuchapia ya parokia. Nimekaa nayo siku nzima kwa furaha ya kijinga, hata chakula nimesahau.

Baba alikuwa karani wa parokia, na ufunguo wa chumba cha ronéo ulikuwa mfukoni mwake. Mwaka 2003 vita vilikuwa vimekwisha kwenye redio. Umeme ulikuja ulipojisikia, na fotokopi za mjini zilikuwa mapambo. Lakini ronéo ilizungushwa kwa mkono, haikumwomba mtu umeme. Unachukua stensili, karatasi yenye nta, unaikwaruza kwa kalamu ya chuma, kisha wino unapita pale ulipokwaruza. Ubaya wake, ukibonyeza sana inachanika. Kufuta hakuna.

Mimi nina mkono mzito. Miili niliiweza, nyumba, mawingu, hata mbuzi wa Bwana Mapengo, shujaa wetu, aliyerudi kutoka vitani akamtafuta mbuzi wake matoleo kumi na moja bila kumpata. Vidole vilinishinda. Ni mistari mingi mahali padogo, na kila nilipojaribu nta ilichanika, nasi stensili tulikuwa nazo za kuhesabu. Basi nilichora shati, nikaacha mwisho wa shati wazi, nikamsogezea Marthe. Yeye alikuwa na miaka kumi na saba. Alishika ile kalamu kwa ncha mbili za vidole, akashusha pumzi, mikono ikatoka. Mikono inayoomba, inayoficha, inayodanganya. Watu walimnunua Bwana Mapengo kwa ajili ya mikono yake, siku hizo sikuliona hilo, au nililiona.

Wino wa ronéo haukutoka kirahisi. Mama alitusugua kwa majivu na ndimu na bado vidole vilibaki vyeusi wiki nzima. Mtu yeyote wa Kadutu angetujua kwa vidole.

Katika kitabu, chini ya picha hii, nimeandika: "Nilikwaruza nta usiku na mchana." Clémentine amesoma juu ya bega langu. Kisha amekwenda kuanua nguo.

Jumanne, 4 Novemba

Nimempelekea Mwalimu Nekesa kurasa kumi. Amezipanga mezani, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hénock, niko na swali moja tu. Mikono ya hawa watu imeenda wapi?"

"Mikono gani?"

"Ndio nauliza. Huyu ameiweka mfukoni. Huyu ameketi, iko chini ya meza. Huyu amebeba gunia, iko nyuma ya gunia. Ona, hata padri anabariki watu mikono ikiwa ndani ya kanzu."

Nikamwambia ni staili yangu.

"Ni staili ama ni uoga?" aliuliza, bila ubaya. "Hiki kitabu ni cha mtu aliyekuwa akichora. Msomaji atataka kuona mkono ukichora, hata mara moja."

Nimerudi kwa basi nikiangalia mikono ya watu kwenye vyuma vya kushikilia. Kila mtu anayo, tena inamfaa. Nimejisikia kama mtu mzima aliyekamatwa hajui kusoma.

Jumatano, 5 Novemba

Nimemwomba Arlène anishikie kikombe nichore mkono wake. Amengoja dakika kumi, akaja kutazama. "Eish, papa. Hizo ni ndizi." Amerudi kwenye simu yake.

Ijumaa, 7 Novemba

Ndizi.

Jumatatu, 10 Novemba

Kesho nitakwenda Doornfontein.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua. Sikwenda.

Jumapili, 16 Novemba

Ukurasa wa kumi na mbili umekwisha. Nimeuogopa wiki nzima, na sasa umelala hapa unakauka, na ni ukurasa mzuri, Mungu anisamehe.

Ni meza ya kwetu. Mwaka 2004, mwezi wa pili. Shirika moja lilikuwa limetangaza shindano la wachoraji vijana. Mshindi angekwenda Kinshasa miezi sita kusomea katuni kwa walimu wa kweli. Nafasi moja. Nilipeleka Bwana Mapengo, na kwenye jalada kulikuwa na jina langu peke yake. Mwanzoni hilo lilikuwa shauri la muuzaji wetu sokoni, alisema wanaume hawanunui katuni yenye jina la msichana. Marthe alikuwa amecheka, akasema weka lako, tutakula wote.

Barua ikaja. Baba aliisoma mara mbili. Marthe akaingia na chai, kwa sababu saa ile ilikuwa ya chai. Baba akatazama sinia, akanitazama, akauliza, "Kazi hii ni ya nani?"

Nikasema, "Ni yangu, baba."

Marthe akaweka sinia mezani, akatoka. Nilikwenda Kinshasa. Niliporudi alikuwa ameposwa, na kalamu ya chuma ilikuwa imepotea. Hakuchora tena, nijuavyo mimi. Baba alikufa miaka mitano baadaye, akiwaambia wageni wote kwamba mtoto wake ni msanii.

Nimeichora picha ya "Ni yangu, baba" kubwa kuliko zote, dirisha liko nyuma yangu na mwanga unaingia. Marthe yuko pembeni na sinia. Mikono yake ingeonekana pale, kwa hiyo nimefunika sinia kwa kitambaa kikubwa kinachoning'inia mpaka chini.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua ya mawe, kama mayai ya njiwa. Vichwa vitatu vya juzi vimebanduka rangi na mwenye kibanda anataka nivirudie bure.

Jumapili, 23 Novemba

Clémentine ameniuliza nitakwenda lini kwa dada yangu. Nikamwambia kawia ufike. Akasema, "Ngojangoja huumiza matumbo," akaendelea kusonga bugali. Kisha, bila kugeuka: "Na ukienda, usiende kuomba mikono. Uende kuomba radhi. Ni vitu viwili, Hénock."

Sikuwa nimemwambia habari ya kwenda kuomba mikono. Mwanamke huyu ananisoma mpaka naona haya.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimekwenda. Nimeomba mikono.

Sijui ilikuwaje. Njiani nilikuwa na maneno yote, nimeyapanga tangu kwenye robot ya kwanza, zile taa za barabarani. Nimepanda ngazi mpaka ghorofa ya pili, kile chumba chao cha mashine nne. Marthe alikuwa akikata yunifomu za shule, karatasi ya kukatia imetandazwa meza nzima. Mwenzake wa kazi, Epiphanie, Mrundi, alinipa kiti. Tuliulizana habari za watoto, za maumivu ya kichwa ya Clémentine, za mvua. Marthe amevaa miwani siku hizi. Sikujua.

Kisha nikafungua bahasha nikaweka kurasa ishirini juu ya vitambaa vyake, nikasema ninachapisha kitabu, na kwamba mikono imenishinda, na kwamba yeye alikuwa akiiweza zamani, labda akipata nafasi. Nilisema "labda akipata nafasi" kwa mtu anayehama nchi.

Aliinua ukurasa wa juu, akaurudisha.

"Kitabu ya nini, kaka?"

"Ya maisha. Ya kule, baada ya vita. Namna nilivyoanza kuchora."

"Namna ulianza," alisema. Akachukua mkasi. "Weka pale. Ikae kidogo, nitaangalia."

Nimerudi nikijipongeza kwamba angalau nimefika. Clémentine ameniuliza, "Umemwambia?" Nikasema tumeongea vizuri.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Nimempigia Marthe simu. Mwanawe amepokea, akanijibu kwa Kizulu na Kiingereza kwamba mama yuko jikoni. Nikasema msalimie.

Alhamisi, 1 Januari

Heri ya mwaka mpya, daftari.

Jumanne, 6 Januari

Nekesa anaulizia zile kurasa ishirini. Nimemwambia ziko kwa mtu wa mikono. Akauliza kama nimezipiga picha kabla ya kuzitoa. Sikupiga.

Jumamosi, 10 Januari

Nitakwenda wiki ijayo. Wiki hii yunifomu, shule zinafunguliwa, atakuwa na kazi nyingi.

Ijumaa, 16 Januari

Mvua siku tatu mfululizo, si desturi ya mji huu. Sikwenda.

Jumamosi, 24 Januari

Nitaiandika yote, na nitaiandika kama ilivyokuwa.

Marthe alikuwa kwenye mashine, anashona, Epiphanie pembeni yake anapindia. "Karibu, kaka," alisema bila kuinua kichwa. Nikaketi. Nikauliza habari. Nikauliza watoto. Mashine iliendelea. Nikasema, zile kurasa.

"Nilizisoma."

"Zote?"

"Zote makumi mawili. Mara mbili." Alifika mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno kama mama. "Nilijitafuta mule ndani. Minajiona mara moja. Page ya kumi na mbili. Minaleta chai."

Nilianza kumweleza kwamba kitabu ni cha maisha yangu, kwamba mtu hawezi kuweka kila kitu katika kurasa arobaini, kwamba mwalimu wa Braamfontein mwenyewe amesema habari iwe na mtu mmoja. Hilo la mwisho ni uongo. Nekesa hajawahi kusema hivyo.

"Ni maisha yako, ndiyo. Sikatae." Aliweka kitambaa kingine chini ya sindano lakini hakukanyaga. "Kitu kimoja tu minauliza. Ile kitambaa juu ya sinia, uliitoa wapi? Kwetu hatukukuwaka na kitambaa ya sinia."

Nikaiangalia sindano ya mashine.

"Mama alikuwa na sinia ya bati, ile ya maua, ilitobokaka pembeni. Kitambaa hapana."

"Nilifunika mikono," nikasema. "Sijui kuichora. Unajua sijui."

"Minajua," alisema Marthe.

Epiphanie alisimamisha mashine yake. Nikasikia mtu akipiga nyundo chini, kwenye karakana. Neno lilikuwa mdomoni. Lilikuwa fupi na nilikuwa nimelibeba miaka ishirini na miwili, ilikuwa kulitema tu. Nilifungua mdomo, nikasema, "Tarehe yangu ya mwisho ni mwisho wa Februari."

"Yangu ni tarehe kumi," alisema, na akakanyaga mashine.

Sikuomba kurasa zangu. Nilishuka ngazi, na chini mvua ilikuwa imeanza. Nikasimama mlangoni pa karakana na watu nisiowajua, nikajiona mjinga, na si mjinga tu, mtu mdogo. Mtu mdogo mwenye kitabu.

Jumapili, 25 Januari

Nimemwambia Clémentine kila kitu. Amesikiliza mpaka mwisho, kisha akasema wiki mbili ni nyingi kwa mtu anayetaka.

Alhamisi, 29 Januari

Vichwa vinne. Ukurasa wa thelathini na sita.

Jumatatu, 2 Februari

Nitasema Jumamosi, kwenye maombi ya kumuaga. Pale ndipo mahali pake, mbele ya watu, kama ilivyokuwa mbele ya baba. Nimeandika maneno kwenye karatasi. Mistari minne.

Jumamosi, 7 Februari

Watu walijaa ule ukumbi tunamosali. Sambusa, Fanta, watoto wanakimbia chini ya viti. Marthe aliketishwa katikati na wanawe, amevaa kitenge alichokishona mwenyewe. Kwetu msafiri haondoki hivi hivi. Anawekwa katikati, na kama kuna mtu ana neno naye, analisema pale, halafu mkubwa wa ukoo anatoa baraka. Mchungaji Cyriaque aliukumbusha ukumbi.

"Mutu hasafiri na mufupa kwenye koo. Kama kuna neno, liachwe hapa. Ndege haibebi maneno ya watu." Watu wakacheka. Akanigeukia. "Kaka yake, musanii wetu, simama. Ukuwe wa kwanza."

Nilisimama. Karatasi ilikuwa mfukoni na mkono wangu ulikuwa juu yake. Nikaanza na kumshukuru Mungu. Nikamshukuru tena. Nikasimulia Bukavu, nikasimulia mama alivyotubeba kuvuka mto Ruzizi, nikaonya juu ya baridi ya Kanada, nikawaambia watoto wasisahau Kiswahili, wao ambao hawana hata cha kusahau. Watu waliitikia amina. Kila nilipofika ukingoni mwa lile neno, nilisikia amina nyingine, na ilikuwa tamu, nikageuka nikarudi kwenye baridi ya Kanada.

Nilipokwisha, Marthe alisimama kama inavyotakiwa, akanipa mikono yote miwili. "Asante, kaka. Nimesikia."

Hapo ndipo nilipoiangalia mikono yake. Kidole cha shahada cha kulia kimepinda kuelekea kidole gumba, kazi ya mkasi. Ncha zimejaa vidoa vya sindano. Ni mikono midogo. Niliikumbuka kuwa mikubwa.

Jumapili, 8 Februari

Arlène alinirekodi kwa simu. Nimejisikiliza chooni, mlango umefungwa. Dakika nane. Mungu nimemtaja mara kumi na tisa, mama mara nne, baridi mara tatu. Lile neno halimo.

Jumanne, 10 Februari

Wameondoka leo. Shirika linalowahamisha liliwachukua kwa basi lake, ndugu hawakuruhusiwa kupanda. Saa ya ndege nilikuwa juu ya ngazi nachora kichwa cha tano. Nimekifanya vibaya na mwenyewe hakuona.

Jumatano, 11 Februari

Mvua.

Alhamisi, 12 Februari

Mvua. Kurasa ishirini bado ziko kwake. Labda amezitupa. Kama amezitupa, ana haki.

Jumamosi, 14 Februari

Asubuhi Epiphanie amebisha. Amekuja kutoka Doornfontein na bahasha iliyofungwa kwa karatasi ya kukatia nguo, ile yenye alama za chaki.

"Alisema nikupe akishafika," alisema. "Jana amepiga simu, amefika. Nami si mtu wa kukaa na kitu cha mtu."

Nikamuuliza kama kuna ujumbe.

"Hakuna. Kazi aliifanya usiku wa Jumamosi, tulipotoka kwenye maombi. Nilimwambia Marthe, weye bado hujafunga masanduku. Akasema masanduku yanaweza kungoja." Aliikataa chai. Akasema ana yunifomu.

Nimezipitia kurasa mezani, moja moja. Ya kwanza, hajaigusa. Ya pili, hajaigusa. Mpaka ya kumi na moja wanaume wote bado wana mikono mfukoni na padri bado anabariki ndani ya kanzu. Nilianza kufikiri amenirudishia tu mzigo wangu.

Ukurasa wa kumi na mbili ameukwangua. Amechukua wembe, akakiondoa kitambaa chote, taratibu, karatasi haikutoboka hata mahali pamoja. Sinia imebaki wazi. Ni ile ya bati, ya maua, na pembeni ina tundu. Vikombe vitatu. Na mikono miwili imeishika, mikono ya msichana wa miaka kumi na saba, imechorwa kwa kalamu ya kawaida ya bluu kwa mistari myembamba sana. Vidole ni vyeusi kwa wino mpaka kwenye kiungo cha pili.

Hakuna kingine. Kumi na tatu mpaka ishirini hazijaguswa.

Nimekaa hapo sijui muda gani. Nilikuwa nimeisahau mikono ile, au nimejisahaulisha. Siku ile tulikuwa tumechapa toleo la kumi na moja asubuhi, sote wawili tulikuwa na wino. Baba alitazama sinia kabla ya kuniuliza. Nimeichora mwenyewe ile picha, baba akitazama sinia, na nikaandika mwenyewe katika daftari hili kwamba aliitazama, na miaka yote hii nilidhani alikuwa akiangalia chai. Alikuwa ameshajua. Aliniuliza kazi ni ya nani ili nimjibu, Marthe akiwa pale pale, ili jambo liwe rahisi kwa wote watatu. Nami nikamjibu kama nilivyomjibu. Akanyamaza, akaniacha niende Kinshasa na uongo wangu, na nadhani alikufa akingoja niurudishe.

Nimelia. Clémentine amekuja akautazama ukurasa, akaweka kiganja mgongoni mwangu, hakusema kitu chochote juu ya radhi.

Jumatatu, 16 Februari

Hakuna mvua. Nimerudia picha moja tu, ile kubwa, ya "Ni yangu, baba." Nimeifanya ndogo. Mwanga wa dirisha nimeuhamishia kwenye sinia.

Ijumaa, 20 Februari

Braamfontein. Mwalimu Nekesa amefungua kurasa haraka haraka, kama mtu anayetafuta risiti, mpaka kumi na mbili. Hapo amesimama. Amevua miwani.

"Hii ni kazi ya nani?"

Alikuwa anauliza tu, kama mchapishaji anavyouliza. Hakujua. Nikashika ukingo wa meza.

"Ya dada yangu," nikasema. "Marthe. Mikono yote ya Bwana Mapengo ilikuwa yake. Nusu ya kazi ilikuwa yake. Nilimnyima jina na nilimnyima Kinshasa."

Nekesa alikaa kitini. Akauliza kama wengine pia nitawatafutia mikono, kuna mwanafunzi wake anaweza. Nikasema hapana, wabaki bila. Msomaji afike ukurasa wa kumi na mbili akiwa ameshazoea watu wasio na mikono. Akakubali. Akasema basi jalada liwe na majina mawili, na la Marthe litangulie. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nikilikwepa.

"Yeye amekubali?"

"Sijamuuliza."

"Bila ruhusa yake sichapi, Hénock. Hata kama ni kwa uzuri. Ulishamwamulia mara moja."

Jumatano, 25 Februari

Nimeandika ujumbe mara sita, nimefuta mara sita. Simu inafutika. Ingekuwa stensili ningefikiri kwanza.

Jumamosi, 28 Februari

Kurasa nne za mwisho nimezipeleka. Nekesa amezipokea, akaziweka kabatini na zingine, akasema zitangoja.

Jumanne, 3 Machi

Mvua zinaelekea kwisha. Asubuhi kumekuwa na baridi kidogo na nimechora vichwa vitatu nikiwa na sweta.

Saa tisa nimemtumia Marthe. Sikupanga maneno. "Baba aliuliza kazi ni ya nani. Nilisema uongo. Ilikuwa yako na yangu, na mikono ilikuwa yako yote. Nisamehe. Nataka jina lako litangulie kwenye kitabu, lakini ukikataa hakitachapwa, na nitakubali."

Nimesimama na simu hapo hapo chini ya ngazi, brashi inakauka. Alama zimekuwa mbili, kisha zimekuwa za bluu. Ameusoma. Nimengoja mpaka kinyozi akatoka kuniuliza kama kichwa chake kitakwisha leo.

Hajajibu. Huko ni asubuhi, labda anawavalisha watoto glavu.